Kidonge cha Kengele ya Kwanza

Katika nyumba ya Aimé, kule Mulongwe, siku ilianza kwa kengele mbili za parokia. Ya kwanza ililia saa kumi na moja na nusu, nayo ilikuwa ya kidonge. Mapendo, mtoto wa miaka miwili na miezi minne, aliketishwa juu ya mkeka akapewa kidonge chake kidogo kama punje ya mtama, kimepondwa ndani ya kijiko cha maji matupu. Ya pili ililia saa kumi na mbili, nayo ilikuwa ya uji. Kati ya kengele na kengele hakikuingia kitu kingine kinywani, hata tone la maziwa. Ndivyo daktari alivyosema, na ndivyo Blandine, mama wa mtoto, alivyoagiza.

Ila Blandine mwenyewe hakuzisikia kengele hizo akiwa nyumbani, isipokuwa siku za mbalamwezi. Kazi yake ilikuwa kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Saa kumi na moja alikuwa tayari njiani kwenda mwaloni, beseni kichwani, mimba ya miezi sita mbele, kuiwahi mitumbwi iliyokesha na taa ziwani. Kidonge alikiacha mikononi mwa mama mkwe wake, Mama Domitille. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazifui dafu, ndagala hawaji, wavuvi wanalala kwao. Hapo ndipo Blandine naye hupata siku chache za kuamka kama watu.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kwanza ya mbalamwezi. Mama Domitille alitumia nafasi hiyo kwenda misa. Kengele ya kwanza ikalia, Blandine akampa mtoto kidonge, kisha akampakata mapajani kuingoja ya pili. Na hapo mikono yake ikamwambia jambo ambalo macho yake, kwa juma zima, yalikuwa yakilikwepa.

Mtoto alikuwa wa baridi. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua mtoni. Tumbo lilikuwa limevimba, gumu, kitovu kimetoka nje. Ngozi ya miguu ilikwaruza kama karatasi ya mfuko wa saruji. Ulimi ulikuwa umerudi kuketi juu ya mdomo, pale pale ulipoketi kabla ya dawa. Na Mapendo, ambaye wiki sita baada ya kuanza vidonge alisimama kwa kushika ukuta na kuita "mama" mara tatu mfululizo, sasa alikuwa amelala na macho nusu wazi. Juzi tu jirani yao, Generose, alichungulia uani akacheka: "Ee Mama Mapendo, mutoto wako amerudilia usingizi wake!" Blandine alicheka naye. Alicheka ili asiulize.

"Tukupake mafuta kwanza, mama yangu," alimwambia mtoto, akainuka kuyatafuta mawese kwenye sanduku la mama mkwe. Mlikuwa na makopo mawili yanayofanana. Alifungua la kwanza. Ndani hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na kipande cha kalenda ya parokia, kimekunjwa vizuri pembe kwa pembe kama barua, na ndani ya kipande hicho vidonge, vidogo kama punje za mtama.

Alivihesabu juu ya mkeka. Ishirini na tatu. Akahesabu kwa vidole siku alizokwenda ziwani tangu mbalamwezi iliyopita. Ishirini na tatu.

Kengele ya pili ililia. Uji ulibaki kwenye sufuria hadi ukafanya ngozi juu.

Mama Domitille aliingia uani na rozari yake mkononi. Aliliona kopo limefunguliwa. Hakushtuka, alivua kitenge cha kichwani, akakikunja taratibu, akakiweka juu ya kiti kana kwamba kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa kukunja vitenge.

"Mama," Blandine alisema, "hizi ni nini?"

"Si unaona?"

"Ninaona. Minye ninauliza."

"Sikuzitupa. Kitu cha kununua hakitupwi."

Vidonge hivyo vilivuka mpaka kutoka Bujumbura ndani ya soksi ya dereva. Ili kuvinunua Blandine aliuza mashine yake ya kushona, na tangu hapo mikono yake ilinuka samaki hata akiwa kanisani. Akasema pole pole, kwa maana mkwe hapazi sauti mbele ya mama mkwe, "Mama, kwa nini?"

"Mutoto alikuwa na amani, Blandine." Mama Domitille aliketi. "Unamuweka mulangoni asubuhi, unamukuta mulangoni mangaribi. Halii. Haombi. Watu walikuwa wanapita hapa wananiambia, Mama Aimé, Mungu amekupa malaika. Kisha mukaleta ile dawa yenu. Akaanza kulia kama soko. Aliniuma! Angalia." Alionyesha kidole gumba. "Aliimwaga sombe yangu ya majani ya muhogo. Ameivunja sahani yangu ya ndoa, ile ya maua, ambayo vita vitatu havikuivunja."

"Mama, mutoto wa miaka miwili anavunja sahani. Ndiyo kazi yake."

Kama ingekuwa siku nyingine wangecheka wote wawili. Kwa kweli pembe ya mdomo wa Mama Domitille ilicheza kidogo, kisha ikatulia.

"Daktari alisema ubongo wa mutoto unajengwa kabla ya miaka mitatu," Blandine aliendelea. "Alisema tumechelewa tayari, ya kuokoa tuokoe sasa. Miezi minane ndiyo imebaki. Mumoja umeingia ndani ya kopo."

"Weye na daktari wako." Mama Domitille alimnyanyua mtoto, akamlaza begani, akaanza kumtikisa. "Munanifundisha Mapendo? Ninamujua Mapendo kuliko ninyi wote." Na akaanza kumwimbia, sauti ya chini, wimbo wa kubembeleza ambao Blandine hakuwahi kumsikia mtu mwingine yeyote akiuimba.

Aimé, mume wa Blandine, alirudi jioni, mafuta ya pikipiki yamemfika viwikoni. Alikuwa fundi, mtu wa maneno machache, na mama yake alikuwa amekwenda kwa Generose kusudi. Blandine alimweleza yote akimmwagia maji ya kunawa. Aimé alisugua mikono kwa sabuni hata ikawa safi, akaendelea kusugua.

"Nitamupeleka Mama kule Makobola, kwa dada yake," alisema mwishoni. "Akae huko mupaka utakapozaa."

"Na huko atakuwa anasema nini? Kwamba muke wa Aimé alimufukuza kwa sababu ya kidonge?"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Unijibu. Mama anasema anamujua Mapendo kuliko sisi wote. Anamusema Mapendo gani?"

Sabuni ilimteleza Aimé. Hakuiokota.

Mtoto wao alipewa jina la marehemu, dada ya Aimé, ili nyumba iwe tena na mtu wa kuitika akiitwa. Ilikuwa desturi ya ukoo, na Blandine aliipokea vizuri. Jambo moja tu lilimshangaza: mtu akiita uani, "Mama Mapendo!", vichwa viwili viligeuka, cha kwake na cha mama mkwe, na cha mama mkwe kiligeuka mwanzo.

"Uliniambia dada yako alikufa na homa," Blandine alisema.

"Alikufa na homa."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Aimé aliangalia maji yanavyopotea ndani ya mchanga. "Minye nilikuwa na nane. Nilikuwa namubeba mugongoni kumupeleka ziwani kuoga. Alikuwa mufupi, mwenye sura nene, anakaa mulangoni kutwa, Mama anamwimbia. Nilidhani ni mudogo wangu, Blandine. Siku ya mazishi padri alisoma miaka yake. Kumi na mitano. Ndipo nilijua kwamba ni dada."

Kuku walikuwa wakipanda mtini. Blandine aliweka chini chombo cha maji.

"Tulipokwenda hospitali mara ya kwanza," alisema, "Dokta Pontien aliuliza: katika ukoo yuko mutoto aliyekuwa hivi? Mama akasema hakuna, ukoo wetu ni safi. Na weye ulikuwa umesimama pale."

"Mama alisema hakuna. Ningemusahihisha mama yangu mbele ya watu?"

Blandine aliweka mkono juu ya tumbo. Huyu wa ndani aliupiga teke, teke zuri, la mtu asiyejua lolote. "Na huyu je?" aliuliza. "Huyu naye tutamuita malaika?"

Aimé alifunika uso kwa mikono yake safi.

"Mama asiende popote," Blandine alisema. "Kitakachoondoka ni kidonge, pamoja na mutoto. Nitakwenda nacho ziwani."

Mbalamwezi ikapita, mitumbwi ikarudi majini, na wanawake wa mwaloni wakamwona Blandine akishuka ziwani na shehena ambayo hawakuizoea: beseni kichwani, Mapendo mgongoni, mimba mbele, chupa ya maji matupu mkononi.

"Na bwana yako je, umemufunga mufukoni?" aliuliza Déborah, muuza mikate ya mafuta, mwanamke mnene mwenye sauti ya injini. Wenzake wakaangua kicheko.

"Bwana ana miguu," Blandine alisema. "Mwenye hana bado ni huyu."

Mwaloni kengele haisikiki. Injini za mitumbwi zinaimeza. Siku ya kwanza Blandine alimpa mtoto kidonge kwa kukisia, na kabla hajageuka Déborah, kwa moyo mwema, alikuwa amekwisha kumtia Mapendo kipande cha mkate mkononi. Blandine alikipokonya. Mtoto hakulia, alitazama tu mkono mtupu. Ila Déborah alinuna.

"Mukate wangu una sumu?"

Haya ilimpanda Blandine hadi masikioni. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Alisema hata hivyo, beseni likiwa bado kichwani: kwamba shingoni mwa kila mtu mna kitu kidogo kinachotengeneza moto wa mwili, na cha mtoto wake hakifanyi kazi; kwamba bila moto huo mtoto hakui, hajui, anakaa tu; kwamba kidonge ndicho moto wake, kila siku, hadi uzeeni; na kwamba kikikutana na chakula tumboni, chakula kinakishinda. "Nusu saa tu," alimaliza. "Ninawaomba nusu saa."

Déborah akachomoa simu kifuani, akaitazama. "Saa kumi na moja na dakika makumi ine," alitangaza. "Mpaka kumi na mbili na kumi, mwenye atamupa mutoto huyu kitu, atanijua."

Tangu siku hiyo mwalo ukawa na kengele yake. Mvuvi akimpa Mapendo kidagaa kilichobanikwa, sauti ishirini zilipaa: "Bado!" Mnunuzi kutoka Kiringye, mgeni wa watu, alinyoosha tu ndizi yake kumchekesha mtoto, akapigiwa "Bado!" hata ndizi ikamwanguka majini. Siku ya tisa mtoto mwenyewe, wa ulimi mzito, alitazama mkate, akamtazama Déborah, akasema: "Bado." Déborah aliketi chini akalia hadharani, kisha akadai kwamba ni moshi.

Mgongo wa Blandine uliuma usiku na mchana. Alipunguza ndagala nusu beseni ili aweze kumbeba mtoto, na hapo nyumbani mboga ikapungua. Hakurudi nyuma. Mama Domitille alifagia ua, akapika, akaketi mlangoni pale pale alipokuwa akimweka mtoto, mikono mitupu mapajani.

Siku ya kumi na mbili, Blandine alipoinua macho kutoka kwenye beseni, alimwona mama mkwe amesimama mbali, juu ya mchanga mkavu, na termosi kwapani. Hakusogea. Wanawake walimtazama, kwa maana mwaloni siri haikai. Alisimama hivyo hadi Déborah alipoangalia simu na kutangaza kwamba muda umetimia. Ndipo akaja, akamimina uji wa moto kwenye kifuniko, akaupuliza.

"Kengele ya pili ilinikuta njiani," alisema, bila kumtazama mkwe wake. "Nimengoja."

"Aksanti, Mama."

"Mugongo wako utakatika."

"Utakatika, Mama. Lakini si leo."

Mama Domitille alimlisha mtoto hadi kijiko cha mwisho. Mapendo alikikamata kijiko, akakitupa ziwani. Bibi alikitazama kikizama. Akaokota termosi akaenda zake.

Siku ya kontrole, ya kurudi hospitali kupimwa, Mama Domitille alikuwa wa kwanza kuvaa. Aimé alitaka kumzuia. Blandine akamwashiria amwache. Njia nzima alijisemea moyoni: daktari akiuliza tena, na Mama akakana tena, mimi nitasema. Alijua uzito wake. Mkwe hawataji wafu wa nyumba aliyoolewa mbele ya mama aliyewazaa. Ni kumvua nguo mzee wa watu. Lakini huyu wa tumboni hakuwa na mdomo mwingine ila wa kwake.

Daktari Pontien alikuwa kijana mchovu, na chumba chake kilikuwa na pazia badala ya mlango. Wanawake wote wa kwenye benchi walisikia kila kitu. Alifungua karatasi ya majibu ya damu, iliyotolewa wakati wa mbalamwezi na kupimwa Bujumbura, akaisoma, akaiweka chini kwa nguvu.

"Mama, damu haidanganyi. Hii ni damu ya mutoto mwenye hakula dawa. Siku mbili tatu zisingeleta hivi. Muliuza vidonge?"

Nje ya pazia mtu aliguna. Blandine alihisi uso unawaka. "Sikuuza, dokta."

"Basi muliweka wapi? Wengine wanauza, minye ninajua. Munakuja hapa munalia, mutoto wangu, mutoto wangu, kisha—"

"Asubuhi nilikuwa ziwani," Blandine alisema. "Siku ishirini na tatu alikosa. Ninajua hesabu yake. Sasa hakosi tena, na ukitaka shahidi uende mwaloni uulize."

Hakugeuka upande wa mama mkwe. Hata jicho hakulipeleka. Lakini alisikia rozari, ambayo njia nzima ilikuwa ikisogea punje kwa punje, imesimama.

Daktari alimtazama kidogo, akalainika. Alimpima mtoto urefu, akamgusa tumbo, akamwambia asimame. Mapendo alisimama kwa kushika goti la bibi yake. "Tunaendelea," daktari alisema. "Kipimo tutarudilia baada ya mwezi na nusu. Ya nyuma siwezi kukuahidi. Ya mbele iko mikononi mwenu." Kisha akaona tumbo la Blandine, akavuta fomu nyingine. "Huyu naye tumuandike. Lazima niulize tena. Ukiacha Mapendo, katika ukoo wa baba ao wa mama, yuko mutoto mwingine aliyekuwa hivi? Kama yuko, huyu atatolewa damu kisiginoni juma la kwanza, ipelekwe Bujumbura, aanze dawa kabla ugonjwa haujamugusa. Kama hakuna, tutangoja tuone dalili."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi. Aimé alikuwa akitazama viatu vyake. Blandine alivuta pumzi, akaifungua midomo yake.

Mapendo alikuwa ameiona kalamu. Alinyoosha mkono, akaikwapua, akaitupa kwa nguvu zake zote. Ikagonga ukuta, ikabingirika hadi chini ya kiti cha Mama Domitille.

Mwanamke mzee aliinama. Ilimchukua muda kuipata, na muda mwingine kuinuka. Aliifuta kwa ncha ya kitenge chake, akamrudishia daktari mkononi, naye hakuuachia mkono ule mara moja.

"Yuko," alisema. "Andika, mwanangu."

"Mama—" Aimé alianza.

"Weye unyamaze, nilikufundisha kunyamaza vya kutosha." Sauti yake ilikuwa kubwa, nje ya pazia hakuna aliyeguna. "Andika Mapendo, binti wa Domitille. Alikuwa na miaka kumi na mitano na urefu wa mutoto wa miaka mine. Ulimi hivi. Tumbo hivi. Mikono ya baridi hivi. Huyu alipozaliwa, nilisema mutoto wangu amerudi. Kisha kidonge kikamusimamisha, nikaona anaondoka tena, nikakificha." Aliushika mkono wa mjukuu wake, ule ulioitupa kalamu, akaufunga ndani ya wake. "Uongo. Si hivyo. Niliogopa kidonge kwa sababu kilifanya kazi. Miaka kumi na mitano niliwaambia watu ni malaika. Hakuwa malaika, dokta. Alikuwa mugonjwa. Mutoto wangu alikuwa mugonjwa, na minye nikamwimbia."